Kovu Begani si Kinga Kifuani

Sindano ya kwanza ya chanjo anayochomwa mtoto mchanga Murgwanza, Rulenge au Biharamulo mjini ni ya kifua kikuu, yaani BCG. Sindano yenyewe ni fupi na nyembamba, wala haiingii kwenye nyama. Muuguzi huilaza karibu sambamba na ngozi, akasukuma tone la mililita 0.05, hadi kijipele cheupe kiinuke. Wiki kadhaa baadaye kijipele huwa kidonda, hutoa usaha kidogo, hukauka na kuacha kovu. Hapo kliniki hupata wageni wa aina mbili. Mama mmoja huja na wasiwasi kwa sababu kidonda kimetoa usaha. Mwingine huja na wasiwasi kwa sababu hakuna kidonda chochote. Ukiwasikiliza wote wawili utasikia swali lile lile: chanjo imeshika?

Swali hilo ni gumu kuliko linavyosikika. BCG ilianza kutumiwa kwa binadamu mjini Paris mwaka 1921, na hadi leo hakuna kipimo cha damu wala cha ngozi kinachokubalika duniani kuwa kinaonyesha nani amelindwa na nani hajalindwa. Tunavyo vipimo vingi, na vingine ni vya ustadi wa hali ya juu. Kinachobishaniwa ni maana ya kile vinachopima. Tena, damu iliyotoa majibu mengi tunayoyategemea haikutoka kwenye vilima vya Ngara wala kwenye mapori ya Biharamulo. Ninaandika kwa sababu naamini kasoro hiyo ya pili inazidisha ya kwanza.

Tuanze na asili ya ugumu. Chanjo ya pepopunda, anayopewa mama mjamzito, ni sumu ya bakteria iliyokwisha kuuawa makali. Mwili hutengeneza kingamwili dhidi yake, kingamwili huelea kwenye damu, maabara huzipima, na ipo namba inayojulikana ambayo ukiivuka umelindwa. Chanjo ya bakteria hai haina unyofu huo. Kinachoingia ni kiumbe chenye uhai, kilichodhoofishwa tu. Kinajipenyeza ndani ya chembe za mwili, kinazaliana kwa muda na kupigana na mwenye mwili. Dozi ya mtoto mmoja ya BCG ya Denmark hubeba bakteria hai kati ya 100,000 na 400,000. Lakini idadi watakayofikia kabla ya kushindwa huamuliwa na mwili ule, siku ile, mahali pale. Zaidi ya hayo, bakteria wa kifua kikuu hujificha ndani ya chembe zetu, ambako kingamwili haziwafikii kwa urahisi. Kazi kubwa hufanywa na seli T, askari wanaotembea, na kumhesabu askari anayetembea ni tofauti na kupima maji kwenye mtungi.

Albert Calmette na Camille Guérin walianza kazi yao Lille, Ufaransa, mwaka 1908. Walichukua bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe wakawaotesha upya mara 230 kwa miaka 13, hadi wakapoteza ukali. Kisha mbegu ile ikagawiwa kwa maabara za nchi nyingi kabla ya kuwapo njia ya kuikausha na kuihifadhi isibadilike. Kila maabara ikaendelea kuotesha ya kwake. Kwa hiyo leo jina BCG hubeba mbegu zisizofanana: ya Denmark, ya Tokyo, ya Urusi na nyinginezo. Hili si jambo la vitabuni tu. Ng'ambo ya Ziwa Viktoria, Entebbe, watafiti waliofuatilia watoto waliochanjwa kwa mbegu tofauti, kutegemea shehena iliyokuwapo, walikuta kuwa watoto zaidi ya 9 kati ya 10 waliopata mbegu ya Denmark walikuwa na kovu, ilhali kwa mbegu ya Urusi walikuwa kama nusu. Hata mwitikio wa seli zao ulitofautiana. Basi yule mama aliyekuja kliniki kwa sababu mwanawe hana kidonda huenda jibu lake liko kwenye karatasi ya kichupa, wala halimo mwilini mwa mtoto.

Afrika Mashariki si mgeni katika majaribio ya BCG, na ni vizuri wasomaji wetu walijue hili, maana historia ya tiba husimuliwa kana kwamba sisi tulikuwa tukipokea tu. Katika miaka ya 1960 watoto wa Teso, Uganda, ambao walikuwa ndugu wa wagonjwa wa ukoma, walichanjwa BCG katika jaribio lililoonyesha ulinzi wa karibu asilimia 80 dhidi ya ukoma, ugonjwa wa bakteria aliye ndugu wa yule wa kifua kikuu. Miaka hiyo hiyo, katika makazi ya wakimbizi ya Kinyara, huko huko Uganda, BCG ilijaribiwa dhidi ya kidonda cha Buruli, ugonjwa wa ngozi unaosababishwa na ndugu mwingine wa bakteria wa kifua kikuu. Ulinzi ulikuwa kama nusu, ukapungua baada ya miezi michache. Wakimbizi wale walikuwa Wanyarwanda. Aliyekulia Ngara hahitaji kuelezwa wakimbizi wa Rwanda ni nani: tarehe 28 na 29 Aprili 1994, ndani ya saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia wilayani humo, na Benaco ikawa mji wa maturubai. Miili iliyotufunza kuhusu BCG kule Kinyara na miili iliyolala Benaco ilikuwa ya watu wa nchi moja. Nalisema ili msomaji akumbuke kwamba nyuma ya kila asilimia pana mtu aliyenyoosha mkono.

Kisha ikaja Karonga, kaskazini mwa Malawi, hatua chache kutoka Kyela. Jaribio kubwa lililoanza huko mwaka 1986, na matokeo yake kutangazwa mwaka 1996, lilionyesha kuwa kurudia BCG kulipunguza ukoma kwa karibu nusu, lakini hakukuongeza ulinzi wowote dhidi ya kifua kikuu cha mapafu. Chanjo ileile, mwili uleule, ugonjwa mmoja umezuiwa na mwingine umepita. Uingereza, jaribio lililoanza miaka ya 1950 lilikuwa limetoa ulinzi wa karibu asilimia 80 kwa vijana. Chingleput, India, ambako kazi ilianza 1968, ulinzi kwa watu wazima haukuonekana kabisa. Ukizipanga tafiti hizi kwenye ramani utaona mwelekeo: kadiri unavyokaribia ikweta, ndivyo ulinzi dhidi ya kifua kikuu cha mapafu unavyofifia. Ngara na Biharamulo ziko kama nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta.

Nisieleweke vibaya. BCG humlinda mtoto mdogo dhidi ya kifua kikuu cha utando wa ubongo na kile kinachosambaa mwili mzima, na magonjwa hayo huua watoto wachanga haraka. Hakuna mzazi wa Nyakahura au Kabanga anayepaswa kusoma makala haya akaacha kumpeleka mwanawe kliniki. Ninachouliza ni tunajuaje chanjo inafanya kazi kiasi gani, na kwa nani.

Kipimo cha kwanza kilikuwa ngozi. Tuberkulini, maji yanayotokana na bakteria waliouawa, huchomwa kwenye ngozi ya mkono, na baada ya saa 48 hadi 72 mpimaji hupapasa uvimbe na kuupima kwa milimita. Ndicho kipimo cha Mantoux. Kwa miongo mingi watu waliamini kuwa uvimbe mkubwa baada ya BCG ni kinga kubwa. Jaribio lile la Uingereza lililivunja wazo hilo: miongoni mwa vijana waliochanjwa, ukubwa wa uvimbe haukuwa na uhusiano na kulindwa. Uvimbe husema kwamba mwili umewahi kukutana na bakteria wa aina hiyo na unamkumbuka. Kukumbuka sura ya mwizi na kuweza kumkamata ni mambo mawili.

Kovu lina hadithi yenye utata zaidi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2018, lilisema wazi kuwa kukosa kovu si dalili ya kukosa kinga, wala si sababu ya kuchanja tena. Hata hivyo tafiti za miaka mingi kutoka Guinea-Bissau zimeonyesha kuwa watoto waliochanjwa wakapata kovu hufa kwa uchache kuliko waliochanjwa wasipate, na vifo vinavyopungua si vya kifua kikuu peke yake. Hapa sayansi iligusa jambo ambalo Calmette hakulitafuta: bakteria hai wa BCG hufundisha hata sehemu ile ya kinga isiyochagua adui, hivyo mwili ukawa macho dhidi ya magonjwa mengine. Entebbe, watoto 560 waligawiwa kwa bahati nasibu, wengine wakachanjwa siku ya kuzaliwa na wengine baada ya wiki sita. Matokeo yaliyochapishwa 2021 yalionyesha kuwa waliochanjwa mapema waliugua kwa uchache zaidi maradhi ya kuambukiza yasiyo kifua kikuu katika wiki zile za mwanzo. Kwa hiyo kovu huenda lina habari ya kweli, ila haijibu swali lile tuliloliuliza.

Baada ya ngozi ikaja damu. Njia iliyotawala miaka thelathini hii ni kuchukua damu, kuichanganya na vipande vya bakteria, kuiweka kwenye joto la mwili usiku kucha, kisha kupima kiasi cha interferoni gama kilichomwagwa na seli T. Interferoni gama ni ujumbe: seli T huutuma kwa chembe zilizommeza bakteria ili ziamke na kumuua. Njia nyingine, ya kisahani chenye vishimo, huonyesha kila seli iliyotoa ujumbe kama doa moja, ukahesabu madoa. Nyingine hupitisha seli moja moja mbele ya mwanga wa leza na kueleza kila seli inatoa ujumbe wa aina ngapi kwa pamoja. Wanasayansi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi, maana kwa mara ya kwanza waliona askari wenyewe.

Lakini Afrika Kusini ikaleta majibu magumu. Utafiti uliochapishwa 2010 ulichukua damu ya watoto zaidi ya 5,600 wakiwa na umri wa wiki 10 baada ya kuchanjwa BCG, ukawafuatilia. Seli T za watoto walioshikwa na kifua kikuu baadaye hazikutofautiana na za waliosalimika, si kwa idadi wala kwa aina ya ujumbe. Mwaka 2013 chanjo ya MVA85A, iliyotengenezwa kuipa BCG nguvu, ilijaribiwa kwa watoto karibu 2,800: seli ziliitikia, kifua kikuu hakikupungua kwa kiwango cha kuaminika. Mwaka 2018 ikaonekana kuwa kurudia BCG kwa vijana kunapunguza maambukizi yanayodumu kwa karibu asilimia 45, na matumaini yakapanda. Jaribio kubwa zaidi la kuthibitisha hilo, lenye vijana zaidi ya 1,800, lilitoa jibu mwaka 2025: hapana, hakuna ulinzi. Na katika jaribio hilo seli T za waliochanjwa ziliitikia vizuri kabisa.

Mtu angeweza kukata tamaa hapo. Mimi sikati, kwa sababu mbili. Ya kwanza, watafiti waliorudi mwaka 2016 kuangalia damu ya watoto wa MVA85A walikuta kuwa wenye seli nyingi zinazotuma interferoni gama dhidi ya BCG walikuwa na hatari ndogo ya kuugua, na wenye seli T zilizoamshwa kupita kiasi walikuwa na hatari kubwa. Yaani ujumbe una maana, ila husomwa pamoja na hali ya mwili mzima. Mtoto ambaye kinga yake iko vitani daima, kwa malaria, kwa kuhara, kwa virusi, huingia kwenye kipimo akiwa amechoka. Ya pili ni nyani wa maabara. Mwaka 2020 BCG iliyopitishwa kwenye mshipa wa damu badala ya ngozi ililinda nyani 9 kati ya 10, na kilichoonekana wazi ni wingi wa seli T ndani ya mapafu yenyewe. Tunapima mkono, ugonjwa uko kifuani. Damu ni barabara tu ambayo askari hupita wakielekea kambini.

Hapo ndipo suala la mahali linapoingia. Watafiti waliwalinganisha vijana wa Uingereza na wa Karonga kabla na baada ya BCG. Wa Uingereza walianza chini na wengi wao wakapanda sana. Wa Malawi walianza juu tayari, na waliopanda zaidi walikuwa wachache. Maelezo yaliyopendwa ni kuwa udongo na maji ya nchi za joto yana ndugu wengi wa bakteria wa kifua kikuu wasio na madhara, hivyo kijana wa Karonga ameshachanjwa na mazingira. BCG inakuta kiti kimekaliwa. Maelezo hayo yanatosha kwa vijana. Kwa watoto wachanga hayatoshi: katika ulinganisho mwingine wa nchi hizo mbili, watoto wote wa Uingereza walitoa interferoni gama miezi mitatu baada ya chanjo, na wa Malawi walikuwa karibu nusu tu. Mtoto wa siku chache hajalima matuta wala hajachota maji mtoni.

Je, ni minyoo ya mama? Swali hilo lilijibiwa kwa uangalifu Entebbe, katika utafiti ulioandikisha wajawazito 2,507 kuanzia 2003. Wengine walipewa dawa ya minyoo ya albendazoli, wengine dawa bandia, na watoto wakapimwa mwitikio wao kwa BCG walipofikisha mwaka. Kutibu minyoo ya mama hakukubadili mwitikio wa mtoto. Je, ni kichocho cha mtoto mwenyewe? Kundi hilohilo la watafiti lilikwenda visiwa vya Koome, ndani ya ziwa letu, ambako kichocho ni jambo la kila siku, likawapa wanafunzi BCG pamoja na chanjo nyingine, ikiwemo ya homa ya matumbo yenye bakteria hai. Nusu yao walitibiwa kichocho mara nyingi zaidi. Matokeo yaliyochapishwa 2024 hayakuonyesha kuwa tiba hiyo ya nguvu iliongeza mwitikio wa watoto waliokuwa na kichocho. Haya ni majibu ya hapana, na majibu ya hapana yaliyopatikana kwa uaminifu yana thamani kubwa. Yanatuzuia kumwambia mama wa Lusahunga ameze dawa fulani eti chanjo ya mwanawe ishike.

Nimetaja chanjo ya homa ya matumbo, na inastahili nafasi yake, kwa kuwa inaonyesha ugumu uleule tumboni badala ya kifuani. Ty21a ilitengenezwa Uswisi katika miaka ya 1970. Ni bakteria wa homa ya matumbo aliyelemazwa, anayemezwa. Alexandria, Misri, iliwalinda watoto wa shule kwa asilimia 96. Santiago, Chile, ikiwa katika muundo mwingine, wa vidonge, ililinda kama theluthi mbili. Mwitikio wake hupimwa kwa kingamwili dhidi ya ganda la bakteria, lakini vita halisi hupiganwa kwenye utando wa utumbo, ambako sampuli haichukuliwi kwa urahisi. Tena hapa kwetu kuna mtego wa pekee. Mtu yeyote aliyewahi kuambiwa kwenye duka la dawa au zahanati kuwa "ana taifodi" baada ya kipimo cha Widal anaujua bila kuujua. Widal hupima kingamwili. Mahali ambapo watu wamekutana na jamii hii ya bakteria mara nyingi, kingamwili huwapo hata kwa mtu mzima wa afya. Kinachopotosha matibabu zahanati ndicho kinachopotosha utafiti: usipopima kabla ya chanjo, utaihesabia chanjo kazi iliyofanywa na maji machafu.

Mfano unaouma zaidi ni wa kipindupindu. Chanjo hai ya kumeza, CVD 103-HgR, iliyotengenezwa Maryland, Marekani, iliwalinda vizuri Wamarekani waliojitolea, na damu yao ilionyesha wazi uwezo wa kuua bakteria. Katika nchi maskini dozi ileile ilitoa mwitikio hafifu, ikabidi iongezwe mara kumi. Hata ilipoongezwa, jaribio kubwa la Jakarta lenye watu zaidi ya 67,000 lilitoa ulinzi wa asilimia 14 tu. Watafiti wa Santiago waligundua kuwa watoto waliokuwa na bakteria wengi kupita kiasi kwenye utumbo mwembamba ndio walioitikia kidogo. Chanjo ilikuwa njema, lakini ilikuta nyumba imejaa wapangaji.

Basi turudi Ngara na Biharamulo, maana nimezunguka ziwa zima kwa sababu hii. Wilaya hizi mbili zimepakana lakini miili yake haiishi maisha yaleyale. Ngara ni vilima, migomba, mabonde ya Ruvubu na Kagera, na mpaka wa nchi mbili ambao watu huuvuka kila siku. Biharamulo ni tambarare zaidi, ina mapori na ina machimbo ya dhahabu, ambako vumbi la mawe huharibu mapafu na kumfungulia mlango bakteria wa kifua kikuu. Chato ilipomegwa kutoka Biharamulo mwaka 2005 iliondoka na bandari ya Nyamirembe na mwambao wake, na kwa hiyo na sehemu ya kichocho cha ziwani. Mkoa wa Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliporipotiwa mwaka 1983, na virusi hivyo vina uhusiano wa moja kwa moja na mada yetu: mtoto mwenye VVU asiyetibiwa anaweza kuugua kutokana na BCG yenyewe, kwa kuwa ni bakteria hai. Ukichukua namba ya interferoni gama kutoka Cape Town ukaipachika hapa, umepima nini?

Kupima hapa kunawezekana, ingawa si rahisi. Seli T lazima zifike maabara zikiwa hai, ndani ya saa chache. Kuzitenganisha na kuzigandisha kwa nitrojeni kimiminika ni kazi ya kituo kama cha taasisi ya utafiti wa tiba ya NIMR, Mwanza, au hospitali ya Bugando. Kwa miaka mingi gari lenye sampuli kutoka Ngara, likishapita Biharamulo, Geita na Sengerema, lilisimama Busisi kungoja kivuko. Daraja la Kigongo–Busisi lilizinduliwa Juni 2025, na kwa mtafiti wa kinga daraja hilo ni kifaa cha maabara. Isitoshe, ile njia ya damu nzima, ya kuchanganya na kuacha usiku kucha, inahitaji kisanduku cha joto, umeme wa uhakika na mashine ndogo ya kuzungusha damu. Hospitali ya wilaya inaweza kuimudu, kisha majimaji yakagandishwa na kusafirishwa kwa utulivu. Homa ya Marburg ilipotangazwa Biharamulo mwanzoni mwa 2025, sampuli zilipimwa kwenye maabara inayohamishika ya Kabaile humu humu Kagera kabla ya kuthibitishwa Dar es Salaam. Uwezo upo pale tunapoona haja.

Kigumu zaidi ni imani ya watu. Mlipuko ule uliondoka Machi 2025 ukiwa umewaua wote kumi waliohesabiwa kuwa wagonjwa, na watu wa Biharamulo waliwaona wataalamu wakija na mavazi ya kuziba mwili mzima kuchukua damu. Neno mumiani bado lipo midomoni mwa wazee wetu, na hofu yake haikuzaliwa na ujinga. Ilikuzwa na enzi ambazo damu ya Mwafrika ilichukuliwa bila maelezo. Kumwomba mama damu ya mtoto wa wiki kumi ni ombi zito. Fomu ya ridhaa isomwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, na kwa bibi mwenye sauti nyumbani, kwa Kihangaza au Kishubi. Iseme kiasi cha damu kwa kijiko, isiseme kwa mililita tu. Na majibu yarudi kijijini. Utafiti unaochukua damu Rulenge na kuishia kwenye jarida la London una deni.

Kuna jambo dogo ambalo lingeinua thamani ya utafiti wowote utakaokuja, yaani kuweka kumbukumbu, nalo halihitaji fedha za wafadhili. Kichupa cha BCG hubeba dozi 20, na kikishachanganywa hutumika kwa saa 6 tu, kisha kilichobaki hutupwa. Zahanati yenye wazazi wachache huogopa kukifungua kwa ajili ya mtoto mmoja. Huwakusanya watoto siku moja, na mtoto wa Jumatatu huchanjwa wiki ya pili au ya tatu. Mtoto huyo si sawa na aliyechanjwa siku ya kuzaliwa, kama Entebbe ilivyoonyesha. Vilevile mtoto wa mbegu ya Denmark si sawa na wa mbegu ya Urusi. Miaka mitano baadaye, mtafiti anayepima damu hawezi kuzirudisha habari hizo zikiwa hazikuandikwa.

Chanjo mpya ziko njiani. MTBVAC, chanjo hai ya kwanza iliyotokana na bakteria wa kifua kikuu cha binadamu mwenyewe, tangu 2022 inajaribiwa kwa watoto wachanga wa Afrika Kusini, Madagaska na Senegali ikilinganishwa na BCG. Ikifaulu, itafika Kabanga na Nyakahura, na tutaulizwa kama inashika kwa watoto wetu. Msimamo wangu ni huu: kovu na Mantoux visitumike tena kumpa mama uhakika au hofu, interferoni gama itumike kama ushahidi kwamba chanjo imefika, isitangazwe kuwa ni kinga, na mkoa wa Kagera upate kipimo chake cha msingi kabla chanjo mpya haijafika, maana baada ya hapo nafasi haitarudi.

Nanyi wauguzi wa zahanati za Ngara na Biharamulo, mnaofungua kichupa kile asubuhi, nawaomba jambo moja. Mkishaandika tarehe ya chanjo kwenye kadi ya mtoto, andikeni pembeni yake namba ya toleo iliyo kwenye kichupa, na jina la nchi ilikotengenezwa.